Moshi wa Ajuza

Kila asubuhi Chiriku aliamshwa na kikohozi. Hakikuwa kikohozi cha mtu. Kilikuwa cha Ajuza, trekta dogo la mama yake, lililolala chini ya banda la mabati nyuma ya nyumba. Mama alizungusha ufunguo, Ajuza akakohoa, akatetemeka mwili mzima, akanyamaza, akakohoa tena, ndipo akakubali kuamka. Zamani alikuwa mwekundu. Siku hizi alikuwa mwekundu kwa wale waliokumbuka tu. Taa yake moja ilikufa siku nyingi, na kiti chake kilishonwa kwa kipande cha gunia. Lakini kazi alikuwa anaiweza. Alivuta tela la matofali, la mchanga na la magunia ya mazao, na msimu wa kulima ulipofika alivuta jembe. Nyumba nzima ilikula kwa nguvu za Ajuza, na mtaani mama yake Chiriku hakuitwa jina jingine ila Dereva.

Chiriku mwenyewe alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Walimu walikuwa wamemhamisha dawati mara nyingi wakidhani kosa ni la aliyekaa naye, hata wakagundua kwamba Chiriku aliweza kuzungumza na ukuta, na ukuta ukachoka.

Kazi yake nyumbani ilikuwa moja, na ilikuwa ya Jumamosi. Ubavuni mwa injini ya Ajuza lilining'inia bakuli la chuma, kubwa kidogo kuliko bakuli la mboga. Hewa yote iliyoingia kwenye injini ilipita kwanza humo, juu ya oili iliyokuwa ndani yake, na vumbi likanaswa na kuzama. Mama alikuwa amemfundisha kwa mkono wake mwenyewe: fungua vibanio, mwaga oili chafu kwenye kopo, sugua kwa mafuta ya taa mpaka chini kabisa, kisha mimina oili safi ifike kwenye mstari uliochongwa ndani.

"Isizidi mstari, isipungue mstari," mama alimwambia. "Huyu bibi hana pua, mwanangu. Anapumulia hapa."

Mwanzoni Chiriku aliifanya kazi ile vizuri, tena kwa majivuno. Lakini Jumamosi ndiyo siku timu ya netiboli ya shule ilipofanya mazoezi, na yeye alikuwa mfungaji. Akifika uwanjani amechelewa, kucha zina weusi, wenzake waliziba pua. "Leo umetoka kuoga kwenye gereji?" walimuuliza, na wote wakacheka. Chiriku naye alicheka, lakini kicheko hicho hakikutoka moyoni.

Basi akabuni njia ya mkato. Jumamosi moja alichukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akalisugua bakuli kwa nje tu, likang'aa kama sufuria mpya. Ndani hakugusa. Mama aliporudi alilitazama, akatabasamu, akasema, "Ahsante, mwanangu. Mikono yako ina baraka." Siku ile Chiriku hakulala vizuri. Jumamosi iliyofuata alilala vizuri kidogo, na ile iliyofuata alilala fofofo. Ndivyo uongo ulivyo, mara ya kwanza unauma, baadaye unazoeleka kama kiatu. Na wahenga waliliona bakuli lile hata kabla halijatengenezwa, maana walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kiangazi kikaingia, na barabara zikawa vumbi tupu.

Siku moja Chiriku aliporudi kutoka shule alimkuta Ajuza uani saa ambazo kwa kawaida huwa kazini. Tela lilikuwa bado na matofali. Mama alisimama kando, mikono kiunoni, na mjomba wake Chiriku, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa Ajuza, alikuwa ameinama kwenye injini, kofia ameigeuza nyuma. Mjomba alikuwa mtu wa mizaha. Alizoea kumsalimu Ajuza kabla ya kuwasalimu watu.

"Shikamoo, Mjomba. Shikamoo, Mama. Kuna nini?"

"Marahaba," mama alijibu bila kugeuka. "Ameshindwa kupanda kile kilima cha sokoni. Amebaki ananguruma tu, anatoa moshi mweusi, watu wananipigia kelele kama nimewaunguzia nyumba."

"Huyu mzee ameanza kuvuta sigara uzeeni," mjomba alisema. "Hebu muwashe, dada, nimwone."

Mama akawasha. Kwenye bomba la moshi likatoka wingu zito, jeusi tititi, likapanda juu ya mabati. Mjomba hakukimbia. Alisimama akautazama ule moshi kama daktari anavyoutazama ulimi wa mgonjwa. Kisha akaashiria kwa mkono, mama akazima.

"Moshi mweusi una maana moja," alisema. "Chakula ni kingi, pumzi ni ndogo. Dizeli inaingia kuliko hewa inavyoweza kuichoma. Ama pumzi imezibwa, ama zile nozeli zinazonyunyiza dizeli zimeharibika, zinamwaga badala ya kunyunyiza. Tuanze na pumzi. Nani anasafisha bakuli?"

"Mwanangu huyu," mama alisema kwa fahari. "Kila Jumamosi, hakosi."

Mjomba akamgeukia Chiriku. "Jumamosi iliyopita ulisafisha?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema, tena pana kama mlango wa banda. Lakini mama alikuwa anamtazama kwa macho ya kumwamini, na macho yale ndiyo yaliyomtisha.

"Ndiyo, Mjomba," alisema. "Nilisafisha."

"Haya. Na linang'aa kweli, naliona hapa. Basi si pumzi. Ni nozeli."

Mjomba akachukua spana, akaanza kufungua vitu ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Jioni ile, wakati wa kula, Chiriku alimsikia mama akizungumza na mjomba mlangoni. Hawakunong'ona, hawakujua kuwa kuna mtu wa kufichwa.

"Kama ni nozeli, sawa," mama alikuwa akisema. "Lakini kama ni injini yenyewe imekwisha, kaka, mimi sina la kufanya. Itabidi nimwite Bwana Chuma amchukue kama chuma chakavu. Na mimi nitakubali ile kazi ya udereva kule shamba kubwa."

"Kule ni mbali, dada. Utakuwa unarudi mara moja kwa msimu."

"Najua. Chiriku atakaa kwa shangazi yake. Nitafanyaje? Mkono mtupu haulambwi."

Chiriku akarudisha tonge sahanini. Shangazi alikuwa mtu mwema, lakini shangazi si mama. Tangu baba yake afariki, walikuwa wawili tu ndani ya nyumba ile, yeye na mama, na Ajuza nje kama mtu wa tatu. Akilini Chiriku akaliona tela likiondoka, mama amekaa kwenye lori la watu wengine na begi magotini, na yeye amebaki kwenye mlango usio wake.

Kesho yake shuleni hakuongea. Darasa zima lilishangaa. Rafiki yake, ambaye kwa ufupi wake aliitwa Nukta, alimfuata kwenye bomba la maji wakati wa mapumziko.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi umekufa, maana hujasema neno tangu asubuhi."

Chiriku alitazama huku na huku, kisha akamweleza yote, kuanzia bakuli na moshi mpaka Bwana Chuma na shamba la mbali. Nukta alisikiliza huku maji yakimwagika kwenye kikombe chake.

"Mwambie mama yako leo hii," Nukta alisema.

"Nikimwambia atajua nimemdanganya miezi yote."

"Si ndiyo kweli?"

"Ndiyo maana siwezi!" Chiriku alisema, na machozi yakamlengalenga. "Nitalisafisha mwenyewe kabla hawajajua. Likiwa safi, moshi utaisha, na hakuna atakayeuliza."

Nukta akatikisa kichwa.

Alipofika nyumbani, mama na mjomba walikuwa wamepeleka nozeli kwa fundi wa kuzipima. Uani palikuwa kimya. Chiriku alitupa mkoba, akapiga magoti kando ya Ajuza, akafungua vibanio. Bakuli lilikuwa zito. Akalitazama ndani. Hapakuwa na oili. Palikuwa na tope jeusi, zito kama uji uliolala, limejaa vumbi la kiangazi kizima. Mstari haukuonekana kabisa.

Alianza kukwangua kwa kijiti. Tope lilimng'ang'ania. Mara akasikia lango la jirani likijibamiza, akadhani ni mama. Akashtuka, akasikiliza, kumbe ni upepo. Lakini subira ilikuwa imekwisha. Akaacha kukwangua. Akachukua dumu la oili safi, akamimina juu ya tope, akamimina tena. Mstari hauonekani, sasa aishie wapi? Akajiambia kwamba kama oili kidogo ni dawa, nyingi itakuwa dawa zaidi, kwa sababu Ajuza alikuwa amenyimwa kwa muda mrefu. Akalijaza bakuli mpaka juu, pomoni. Alipolirudisha mahali pake, oili ilimwagika mpaka kwenye kiwiko. Akapangusa, akang'arisha nje kama kawaida yake, akafunika ile iliyodondoka chini kwa mchanga.

Mama na mjomba waliporudi, Chiriku alikuwa ndani, kitabu mbele yake, anasoma ukurasa bila kuuona.

Asubuhi yake ilikuwa Jumamosi. Mjomba alirudisha nozeli, akafunga, akapangusa mikono. "Haya, bibi," alimwambia Ajuza, "acha sigara." Mama akawasha.

Mwanzoni ilionekana heri. Ule weusi ulikuwa umepungua. Chiriku, aliyesimama mlangoni, alianza kupumua. Halafu bomba likatema moshi mwingine. Haukuwa mweusi. Ulikuwa wa buluu, mzito, wenye harufu kali ya oili inayoungua, ukatanda uani mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

Mjomba alikunja uso. Safari hii hakutania.

"Zima," alisema. Mama alipozima, mjomba akaliinamia bomba. "Moshi wa buluu ni oili, dada. Injini inakula oili yake. Kwa trekta la umri huu, mara nyingi ni pete za pistoni zimekwisha, oili inapanda mahali isipotakiwa."

"Kwa hiyo ni injini yenyewe."

"Ndivyo inavyoonekana. Ila..." Mjomba alijikuna kichwa. "Juzi mweusi, leo buluu. Nimeona pete zikichakaa, sijaona zikichakaa kwa siku moja. Kuna kitu kinanichezea. Dada, hili bakuli hebu nilifungue."

Chiriku akarudi hatua moja ndani. Lakini mama ndiye aliyemzuia mjomba, tena kwa kumtetea binti yake.

"La nini, kaka? Hicho ndicho kitu pekee kizima kwenye trekta hili. Litazame linavyong'aa. Mwanangu ana makosa yake, anaongea mpaka mtu unatamani pamba za masikio, lakini kazi hii hajawahi kunidanganya. Sivyo, Chiriku?"

Chiriku akatikisa kichwa kukubali. Laiti mama angempiga, angeumia kidogo kuliko alivyoumia kwa sifa ile.

"Basi," mama alisema taratibu, "mwite Bwana Chuma."

Bwana Chuma alifika kabla jua halijafika utosini. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya upole na macho yanayopima kila kitu. Alizunguka Ajuza, akapiga teke gurudumu moja, akagonga boneti kwa kifundo cha kidole.

"Nataka kumsikia akikimbia kwa nguvu zote," alisema. "Kama injini ina uhai, namchukua kama injini. Kama haina, namkata."

Neno hilo la kumkata lilimpiga mama usoni kama kofi, lakini alijikaza. Alipanda kwenye kile kiti cha gunia, akawasha. Moshi wa buluu ukaanza. Akavuta mkono wa mafuta taratibu, ngurumo ikapanda. Akavuta tena. Ngurumo ikapanda zaidi, ikawa kelele, na bado ikaendelea kupanda. Chiriku aliona mama akiurudisha mkono wa mafuta chini. Ngurumo haikushuka.

Mama akaurudisha mpaka mwisho. Injini ikazidi kulia. Akavuta waya wa kuzimia injini. Injini haikujali. Boneti lilianza kurukaruka, bomba likatapika moshi mpaka jua likafifia, na Ajuza mzima akawa anatetemeka kama mtu mwenye homa kali. Bwana Chuma alisharudi nyuma mpaka ukutani.

"Shuka!" mjomba alipiga kelele. "Dada, shuka! Itapasuka!"

Mama hakusikia, au hakutaka kusikia. Alikuwa ameushika ule waya kwa mikono yote miwili, anauvuta. Mjomba akaruka, akafunga bomba dogo la dizeli. Akangoja. Injini ilizidi kupiga mayowe. Usoni mwa mjomba Chiriku aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona hapo. Mjomba alikuwa anaogopa.

"Nimefunga dizeli!" alilia. "Inakula nini? Inakula nini hii?"

Chiriku alijua inakula nini.

Woga ulikuwa umemshika tangu juzi, ukamfunga mdomo kama kamba. Sasa ukaja woga mwingine, mkubwa kuliko ule, nao ulikuwa na sura ya mama yake juu ya kiti kile. Chiriku akakimbia kuingia kwenye moshi, akamshika mjomba shati.

"Ni bakuli!" alipiga kelele mpaka koo likauma. "Mjomba, ni bakuli! Nililijaza oili! Nililijaza mpaka juu!"

Mjomba alimtazama kwa muda wa kufumba jicho tu. Kisha akaelewa. Akamsukuma Chiriku nyuma kwa mkono mmoja, "Kaa mbali!" na kwa mkono mwingine akaokota ubao uliokuwa umewekwa chini ya gurudumu. Akaung'oa ule mpira mnene unaotoka kwenye bakuli kwenda kwenye injini, na pale ulipokuwa umechomekwa akakandamiza ubao kwa uzito wa mwili wake wote. Oili ikakatika, na hewa pia. Injini ikavuta ubao kana kwamba inataka kuumeza. Ikakohoa, ikapiga teke moja la mwisho, ikanyamaza.

Masikio ya Chiriku yalilia kama nzi. Mama alishuka polepole, akishikilia gurudumu, akakaa chini kwenye mchanga. Uso wake ulikuwa mweusi kwa masizi, isipokuwa mistari miwili iliyosafishwa na machozi ya moshi.

"Sema tena," alimwambia Chiriku. Sauti yake haikuwa kali. "Sema yote."

Chiriku akasema yote. Alisema juu ya kitambaa na Jumamosi za netiboli, juu ya tope, juu ya dumu la oili na mchanga aliofunikia. Hakuruka kitu. Alipomaliza, hakujua afiche wapi uso wake.

Mjomba alikuwa ameshafungua bakuli. Alichovya kidole, akakitoa na tope, akamwonesha mama. Kisha akachukua kijiko cha zamani, akakwangua, akamwaga, akakwangua tena, mpaka ule mstari ukatokea, mwembamba, pale pale ulipokuwa siku zote.

"Sasa nimeelewa ugonjwa ulivyohama," alisema. "Kwanza tope lilimziba pumzi, akatoa moshi mweusi. Halafu akajazwa oili, akawa anaivuta badala ya hewa, akatoa moshi wa buluu. Na alipokimbia kwa nguvu, aliivuta kwa wingi mpaka ikawa ndiyo chakula chake. Dizeli ilifungwa na yeye hakuwa na habari nayo. Injini ya namna hiyo ukiiacha inajikimbiza mpaka inapasuka, na vyuma havichagui wa kumpiga." Akaweka kijiko chini. "Na mimi fundi mzima nimehangaika na nozeli zisizo na kosa. Moshi ulinieleza ukweli tangu siku ya kwanza. Niliuacha nikasikiliza maneno."

"Mwanangu," mama alisema, "kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa, Mama. Nilisikia kwamba Ajuza akifa utaondoka. Niliogopa utaondoka."

Mama alipangusa masizi machoni.

"Na kwa kunyamaza kwako," alisema, "ndiyo nilikuwa naondoka."

Chiriku alianguka mapajani mwa mama yake na kulia kwa sauti, na mama akamwacha alie, mkono wake wenye masizi ukiwa juu ya kichwa chake.

Bwana Chuma alikohoa pale ukutani. Shati lake jeupe lilikuwa limegeuka kijivu. "Nilikuja kuchukua chuma," alisema, "naona narudi na masizi tu. Mama, mimi naaga." Mjomba alicheka, na kicheko chake kiliwarudishia wote pumzi.

Mchana kutwa walifanya kazi. Chiriku alisugua bakuli kwa mafuta ya taa mpaka chini, na safari hii alianza na ndani. Mjomba alimwaga oili iliyojaa kwenye mipira, akapangusa kila njia ya hewa, akaikagua injini polepole, akisikiliza kila kipande. Mara kadhaa alitikisa kichwa, na kila alipotikisa, Chiriku aliacha kusugua. Jua lilipoanza kulegea, mjomba aliweka ubao karibu na mkono, akawaamuru wote wasimame mbali, hata mama, akawasha mwenyewe, bakuli likiwa bado kando.

Ajuza akakohoa. Akatoa mabaki ya moshi wa buluu, Chiriku akafumba macho. Alipoyafumbua, moshi ulikuwa unapungua. Ukawa mwepesi, ukawa kama mvuke wa chai, mwisho ukabaki uzi mwembamba usioonekana vizuri mpaka uutafute. Ngurumo ilipanda mjomba alipoitaka na ikashuka alipoitaka.

"Huo uliobaki ni uzee," mjomba alisema, "na uzee hauna dawa. Lakini atalima msimu huu, na pengine ujao. Dada, wale watu wa shamba waambie watafute dereva mwingine."

Mama alifunika uso kwa kanga yake kidogo, kisha akaufunua. Alichukua bakuli safi, akampa Chiriku.

Chiriku alilisukuma nyuma. "Mpe mtu mwingine kazi hii, Mama. Mimi nimeiharibu."

"Ndiyo maana ni yako," mama alisema. "Nani mwingine anayejua kama wewe kinachotokea ikiharibika? Na mazoezi ya netiboli ungeniambia tu. Jumapili nayo ni siku."

Chiriku akalipokea. Akamimina oili polepole mpaka ikafika kwenye mstari, akasimamisha dumu. Halafu, kabla ya kulirudisha mahali pake, alilibeba kwa mikono miwili mpaka alipokaa mama.

"Angalia ndani, Mama," alisema. "Nje usiangalie."

Mama aliangalia ndani. Kisha akamvuta binti yake karibu.

"Sikiliza, Chiriku. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua. Kuogopa si kosa. Leo mimi nimeogopa, na mjomba wako ameogopa, nasi ni watu wazima. Lakini ukiharibu kitu, usingoje woga uishe ndipo uje kwangu, kwa sababu hautaisha, utakua. Njoo uniambie ukiwa bado unatetemeka. Kitu kilichoharibika tutakitengeneza pamoja. Nisichokijua ndicho nisichoweza kukitengeneza."

"Ndiyo, Mama."

"Na kelele zako zile za leo," mjomba aliongeza akikusanya spana zake, "zimenitoboa sikio hili la kushoto. Lakini nazishukuru. Toka leo sitamwambia chiriku huyu anyamaze tena."